Mstaafu Hukimbia Akiwa Amelala

Kwa mamlaka tuliyopewa na sisi wenyewe, na baada ya kutafakari kwa kina, Kamati ya Kutetea Haki za Walalao inautangazia ulimwengu mzima kwamba kiumbe yeyote aliyelala ana haki ya kurusha mguu, kutikisa mkia, kukunja pua na kubweka kidogokidogo bila kushitakiwa, kufungwa wala kuuawa.

Kamati ina wajumbe wawili. Mmoja ni mimi, Mwenyekiti. Wa pili ni Kijiko, anayelala kitanda cha chini yangu, na alikubali kujiunga baada ya kuahidiwa nyama yangu ya Jumapili. Kwa hiyo kabla hatujafanya lolote la maana nilikuwa nimeshaanza kula mchuzi mtupu kwa ajili ya haki. Sisemi hivyo ili nisifiwe, ingawa atakayetaka kunisifu simzuii.

Kiumbe mwenyewe ni Mstaafu, mbwa wa Shangazi. Shangazi ni mpishi mkuu wa shule yetu. Hana undugu na mwanafunzi yeyote, lakini mtu anayejua nani hali kitunguu na nani amelia usiku kwa kukumbuka kwao, utamwitaje? Kila alfajiri, kabla hata ndege hawajaamua kama watalia, Shangazi hutoka kwake akaja kuwasha majiko, na Mstaafu humtangulia njia nzima. Hiyo ndiyo kazi yake. Akishamfikisha jikoni anakuwa amestaafu kwa siku hiyo, na anakwenda kulala chini ya kengele.

Kengele yetu ni ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo, kati ya jiko na ofisi. Mwanafunzi wa zamu huigonga kwa nondo mpaka meno yanauma. Mstaafu amelala chini yake miaka yote. Na akishalala, vituko vinaanza. Kwanza masharubu yanacheza. Kisha miguu ya mbele, kisha ya nyuma, mpaka yote minne inakwenda kwa pamoja huku mwenyewe amelalia ubavu, hajasogea hata inchi. Mara anatoa sauti kama ya mlango unaohitaji mafuta. Kijiko humtangaza kama mechi ya mpira. Anawapita wawili, anampita beki, anabaki yeye na kipa. Wakati mwingine Mstaafu hufunga kabisa, mkia ukapiga chini mara moja, na sisi tunashangilia.

Hakuna aliyewahi kuona ubaya wowote. Kisha siku moja, saa ya mapumziko ya mchana, wanafunzi wapya walipita mbio mbele ya ofisi wakilia kwamba mbwa ameshikwa na wazimu. Makamu wa mkuu wa shule akatoka kuangalia. Alimkuta Mstaafu amelala, macho nusu wazi, miguu inakwenda, na mdomo wote umejaa povu.

Kuhusu povu, Kamati haina maoni kwa sasa.

Makamu huyu tunamwita Nukta, kwa sababu kila uamuzi wake huishia na neno hilo. Kesho yake mstarini alipanda kwenye jukwaa, akakunja mikono ya shati, ishara kwamba mtu ataumia, akasema mbwa mwenye degedege na povu hawezi kukaa kati ya watoto. Ijumaa daktari wa mifugo angekuja kumchoma sindano. Mbwa hatasikia maumivu. Nukta.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi. Aliusikia uamuzi ule pamoja na sisi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kabla. Akarudi ndani, na asubuhi ile uji uliungua kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na shule.

Nilinyoosha mkono. Kijiko alinivuta shati kwa nyuma, lakini mkono ulikuwa umeshanyooka, na mkono wa Mwenyekiti haushuki bure.

"Naomba kuuliza, mwalimu. Mshitakiwa amemng'ata nani?"

"Keti."

"Tumesimama, mwalimu. Ni mstari."

Nilipewa wiki ya kuosha masufuria. Nataka ieleweke kwamba niliyapokea masufuria yale nimeinua kichwa.

Masufuria ya shule ni makubwa kiasi kwamba ukitaka kuyaosha vizuri unaingia kiwiliwili chote, na ukiwa ndani sauti za nje zinakuja kama za watu walio kisimani. Hivyo ndivyo nilivyomsikia Shangazi siku ile. Alikuwa anachambua mchele, Mstaafu yuko miguuni pake, na alisema bila kunitazama kwamba haombi mtu amwonee huruma. Njia yake ya alfajiri inapita kwenye magofu ya kiwanda, na pale kuna vijana ambao hawamwamkii mtu. Mstaafu hajawahi kumng'ata hata mmoja. Anatembea mbele tu, polepole, kama mwenye mji, nao wanapisha. Bila yeye ingebidi aache kazi au aje kumekucha, na akija kumekucha mtakunywa chai saa ngapi?

Nikasema kutoka ndani ya sufuria kwamba jambo hili halitatokea.

"Unajua lakini," akasema, "siku ile ya povu mdomo wake ulinukia vizuri. Miaka yote mdomo wa mbwa huyu ni kama pipa la maganda. Siku ile kama mtu aliyetoka kuoga. Ugonjwa gani huo unaonukia?"

Nilisugua kwa nguvu sana. Lile sufuria mpaka leo ukilitazama unajiona uso.

Mapambano hayahitaji hasira peke yake, yanahitaji sayansi. Nikaenda kwa mwalimu wa biolojia, mtu mpole ambaye hufurahi mno akiulizwa jambo lisilokuwamo kwenye mtihani. Nikamuuliza kwa nini mbwa hutikisika akiwa amelala. Aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba kuna kipande cha usingizi ambacho ubongo unakuwa macho kuliko mwenye ubongo. Ndipo ndoto huja. Ubongo unaona njia, unaamrisha miguu ikimbie. Sasa kama miguu ingetii, kila kiumbe angejiumiza kila siku. Kwa hiyo sehemu moja, chini nyuma ya ubongo, inafunga komeo, amri isifike kwenye misuli. Kwa watoto wa mbwa komeo bado halijakaza. Kwa wazee limelegea. Amri kidogo inapenya, na mguu unarushwa. Basi.

Nikamuuliza Mstaafu anaota nini. Akacheka, akasema hakuna aliyewahi kupata jibu kutoka kwa mbwa mwenyewe, lakini inadhaniwa wanarudia mambo ya siku yao.

Nililifikiria hilo wakati wote wa somo lililofuata, ambalo lilikuwa hesabu na halikunihusu. Mchana Mstaafu anatembea polepole kama mwenye mji. Lakini akilala anakimbia. Huenda wale vijana wa magofuni anawakimbiza huko, mmoja baada ya mwingine, na Shangazi nyuma yake anashangilia.

Tulihitaji pia ushahidi, na ushahidi ulikuwa unakoroma. Baada ya chakula cha mchana Makamu hukaa kwenye kiti chenye mikono katika chumba cha walimu, gazeti usoni. Mimi na Kijiko tulipita dirishani tukijifanya tunaokota karatasi. Gazeti lilikuwa linapanda na kushuka. Na chini, kiatu cha kulia cha Makamu, kile kilichong'aa, kilikuwa kinapiga breki. Kinapiga, kinaachia. Mara kikapiga kwa nguvu, mwenyewe akaguna kitu chenye nukta mwishoni.

"Naye anafukuza mtu," Kijiko akaninong'oneza.

"Anatufukuza sisi," nikamwambia, na tukaondoka na karatasi zetu.

Alhamisi, saa ya mapumziko, ambapo sheria inasema kila mwanafunzi alale kitandani kwake na asisikike, bweni letu zima lilitoka na mashuka. Sikuwashawishi sana. Niliwaambia tu kwamba sheria inataka tulale, na sisi tutalala, hakuna atakayevunja sheria hata kidogo, isipokuwa kuhusu mahali. Tukatandika chini ya kengele, kumzunguka Mstaafu, ambaye alikuwa usingizini na hakujua kwamba ana wafuasi. Miguu yake ilipoanza kwenda, na yetu ikaanza. Jeshi zima limelalia ubavu, macho yamefumbwa, miguu hewani, tunakimbia bila kwenda popote. Wanafunzi wapya, ambao ndio walioanzisha mkosi huu, walitazama kutoka dirishani, kisha nao wakaja na mashuka yao.

Makamu alitoka. Nilimjua kwa viatu.

"Inukeni."

Hakuna aliyeinuka. Nilifumbua jicho moja, maana msemaji wa watu waliolala lazima awe macho kidogo.

"Mwalimu, tuna degedege," nikasema. "Tunaomba na sisi daktari aje Ijumaa. Sindano moja moja."

"Wewe ndiye umewaleta hapa."

"Walikuja wamelala, mwalimu. Na kama kosa ni kutikisa mguu usingizini, kuna mtu mmoja katika chumba cha walimu ambaye mguu wake wa kulia, kila baada ya chakula—"

Nikaishia hapo. Sikuogopa. Kijiko alinipiga teke, na teke lile halikuwa la usingizini.

Shangazi alikuwa mlangoni, mkono mdomoni, na sikujua kama analia au anajizuia kucheka. Makamu alikitazama kiatu chake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo hatukuizoea, kwamba miguu si hoja. Miguu hata yeye angeisamehe. Lakini aliona povu kwa macho yake mwenyewe, na povu haliotwi.

"Nieleze povu, Mwenyekiti," akasema. "Ukinieleza povu, mbwa anabaki."

Mashuka yote yakanigeukia. Mimi, mtetezi wa wanyonge, mwenye majibu ya kila kitu, nilifumba lile jicho moja nikajifanya nimelala. Bweni likadhani ni mbinu, likanipigia makofi.

Ijumaa daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, amevaa buti za mpira zenye tope la kwingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu anayezungumza na ng'ombe kutwa nzima na ameshachoka kubishana. Aliuliza nani aliona nini. Makamu akatoa ushahidi wake. Daktari akauliza povu lilikuwaje.

"Zito. Jeupe, lina mistari ya kijani. Nyongo, bila shaka."

Daktari alikunja uso. Akasema hadhani ni kichaa cha mbwa, kwa kuwa chanjo alimpa yeye mwenyewe, ila povu la kijani hajawahi kuliona, na kitu ambacho hajawahi kukiona hukiheshimu. Hata hivyo hamchomi mnyama kwa kusimuliwa, maana sindano ile haina kurudi. Angemtazama akiwa usingizini. Mbwa anayeota, alisema, ukimwita anaamka. Mwenye degedege hata umwite vipi hasikii mpaka limwachie. Akiamka, ni ndoto. Asipoamka, na lile povu likiwamo, basi anakubaliana na Makamu. Na mtu yeyote asimguse, maana mbwa akiamshwa kwa kuguswa hung'ata kabla hajajua ni nani.

Mimi nilikuwa pale kwa sababu ya masufuria. Kijiko alikuwa pale kwa sababu yangu. Hatukungoja sana. Masharubu yakacheza, miguu ikaanza, mlango unaohitaji mafuta ukalia.

"Mwite," daktari akamwambia Shangazi.

Shangazi alipiga magoti. "Mstaafu. Baba, amka. Amka twende nyumbani."

Miguu iliendelea kwenda. Akamwita tena, kwa sauti zaidi. Daktari akapiga makofi juu ya masikio yake. Wapi. Hapo ndipo niliponyoosha mkono na kuwakumbusha kuhusu kengele. Mbwa aliyelala chini ya ringi ya lori maisha yake yote, masikio yake yameshakabidhi ofisi. Daktari akasema tujaribu hiyo hiyo ringi. Kijiko akachukua nondo akagonga kwa roho yake yote. Madarasa yakatoka, watu wakapanga foleni ya chakula saa nne asubuhi na sahani mikononi. Mstaafu hakutoka kwenye ndoto yake.

Shangazi alikimbia ndani akaleta kipande cha nyama, akakishika karibu na pua. Pua haikujali. Mbwa anayelala kando ya jiko ananusa nyama kutwa, kwake ni kama hewa. Miguu ilikuwa inakwenda kasi sasa, na ukoo mzima wa wale vijana wa magofuni ulikuwa taabani huko.

Daktari alipumua. Akavuta mkoba wake karibu na kufungua kamba ya kwanza, kisha ya pili. Makamu akageuza uso pembeni, na ndipo nilipoona kwamba hakuwa anafurahi. Shangazi alibaki palepale magotini, nyama mkononi. Hakulia. Alikuwa anamtazama mbwa wake akikimbia.

Kulikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho kingemwamsha Mstaafu, na kilikuwa kwenye mfuko wangu wa kulia.

Wasomaji, Kamati sasa ina maoni kuhusu povu.

Nilisogea. Nikatoa dawa yangu ya meno, ile nyeupe yenye mistari ya kijani ambayo dada yangu aliniletea, na ambayo hakuna mwingine shuleni mwenye nayo. Nikafungua kifuniko. Nikabana kidogo kidoleni, nikakiweka mbele ya pua ya Mstaafu, mbali kidogo na meno.

Miguu ikapunguza mwendo. Pua ikacheza, upande huu, upande ule. Miguu ikasimama. Jicho likafumbuka, likanitazama kwa mapenzi yasiyo na aibu, na ulimi ukatoka ukalamba kidole changu mpaka kwenye kucha. Kisha akainuka, miguu ya nyuma ikiwa na usingizi bado, akatia pua yake mfukoni mwangu kama mtu anayejua mlango wa kwao. Mdomo wake ulikuwa umejaa povu. Jeupe, zito, lina mistari ya kijani.

Daktari alifunga kamba ya pili, kisha ya kwanza.

"Nyongo," akasema.

Makamu alinitazama muda mrefu. Nilimsubiri aseme lile neno lake, lakini hakulisema.

"Nilimpaka mimi," nikasema. "Alikuwa amelala anakimbia, nikaona akiwa na povu itafurahisha zaidi. Nilitaka kuwatisha wale wapya. Aliipenda. Tangu siku ile ananifuata, nikawa nampa kidogo ili asinisemee."

"Mbwa hasemi," Kijiko akasema.

"Huyu amesema," akajibu daktari, na akaniambia dawa ya meno si chakula cha mbwa, nikimpa tena atanichoma mimi.

Nilidhani hapo tumemaliza. Mbwa ameamka, povu limeelezwa, haki imeshinda, mkosaji ameungama kwa unyenyekevu. Nikainua kichwa, tayari kwa masufuria ya maisha yangu yote. Lakini Shangazi alikuwa bado hajainuka. Alifuta mikono kwenye aproni, akaniuliza swali moja, bila hasira, kama anavyouliza nani hali kitunguu.

"Mwanangu, na kama angeamka kwa ile nyama, ungesema?"

Nilitafuta jibu la Mwenyekiti. Nilikuwa na mengi siku zile, yalikuwa yananitoka hata nisipoyaita. Mstarini ningeweza kusema sentensi moja na yakaisha. Ndani ya sufuria ningeweza. Pale kwenye mashuka nilipewa nafasi mkononi kabisa, nikafumba jicho, nikapigiwa makofi. Badala yake nilitoa hotuba, nikaunda kamati, nikauliza maswali ya sayansi, nikawalaza watoto wa watu juani, na kila siku niliyokuwa shujaa Shangazi alikuwa anapita magofuni akihesabu kwamba ni mara za mwisho mbwa kumtangulia.

Mstaafu alikuwa ameshalala tena, juu ya kiatu changu. Mguu mmoja wa mbele ulianza.

"Hapana, Shangazi," nikasema. "Nisingesema."